Mabaki ya Nazi, Maembe na Mihogo Kuwa Lishe ya Mifugo: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Malindi na Lamu

Kuanzia Januari mpaka mvua za masika zishike, kwa kawaida Aprili, malisho ya Ganda, Kakuyuni na Marafa hukauka kwa jua la kaskazi na ng'ombe hurudi jioni tumbo limeshikana na mgongo. Miezi hiyohiyo maembe yanaoza chini ya miti, mabibo yametapakaa mashambani baada ya korosho kuokotwa, na mabua ya mahindi ya vuli yanapigwa moto ili shamba lisafishike. Chakula kipo. Kinachowashinda wengi ni kukiwahi, kwa sababu kwa joto na unyevu wa pwani, kitu kibichi kilicholetwa asubuhi kikiwa lishe chaweza kuwa sumu kesho yake jioni.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata maji. Kila mabaki unayoletewa, uliza kwanza yana maji kiasi gani, pili yana mafuta kiasi gani, tatu kama yana sumu yake ya asili. Protini, ambayo ndiyo inayosifiwa sana kwenye mikutano ya wafugaji, naiweka ya nne. Mashudu, yaani masalia ya nazi au mbegu zilizokamuliwa mafuta, hata yakiwa na protini tele, yakiota ukungu hayana faida kwa mtu.

Tembea kwanza, nunua baadaye

Kabla ya kwenda duka la dawa za mifugo kununua gunia la chakula tayari, zunguka mtaa wako. Kwenye kinu cha unga kuna pumba za mahindi. Kwa wakamuaji wa mafuta ya nazi kuna mashudu. Kwa wapishi, majumbani na hotelini, kuna chicha, nazi iliyokwisha kukamuliwa tui. Wauza sharubati wana maganda ya maembe, mananasi na matikiti. Wakaanga mihogo wana maganda ya mihogo. Mashamba ya kando ya Mto Sabaki yana mabua, majani ya kunde na vigogo vya migomba iliyokwisha kukatwa mkungu. Panaposhushwa samaki kuna vichwa na matumbo. Gongoni na Marereni kuna chumvi ya bahari. Ndugu zetu wa Lamu bara, upande wa Mpeketoni, Hindi na Witu, wana pamba na simsim, na walio karibu na delta ya Tana hupata pumba za mpunga.

Andika kila kimoja na miezi yake. Nazi hupatikana mwaka mzima, na hiyo ndiyo sababu ninaipa nafasi kubwa humu. Embe na bibo huja kwa fujo na kuondoka ghafla. Mabua huja mara mbili, baada ya masika na baada ya vuli. Anayepanga vizuri hutumia nazi kama nguzo ya mwaka, kisha anahifadhi vile vya msimu.

Halafu zungumza na wenye mabaki, kwa adabu na mapema:

"Shikamoo mama. Chicha za leo wazifanyia nini?"

"Marahaba mwanangu. Nawarushia kuku, zikizidi namwaga."

"Basi niwekee humu kwenye ndoo, uifunike. Nitapita kila siku saa saba, na Ijumaa nitakuletea maziwa."

Ndoo iwe yako, yenye mfuniko, na uwe nazo mbili: moja yabaki kwake, nyingine unaondoka nayo na kuirudisha imeoshwa. Na ulipe kitu hata kama mwenyewe anasema hataki. Siku jirani mwingine akigundua kwamba chicha ni mali, utakayekumbukwa ni wewe uliyekuwa ukileta maziwa.

Hesabu ya maji

Tuseme maganda ya maembe unayapata kwa shilingi 5 kwa kilo, na mashudu makavu ya nazi kwa shilingi 36. Kwa macho, maganda ni ya bure. Lakini maganda mabichi ni maji kwa takriban asilimia 80. Katika kilo 100 ulizolipia shilingi 500 umebeba kilo 80 za maji na kilo 20 tu za chakula kikavu, yaani shilingi 25 kwa kilo, na bado hujamlipa mwenye tuktuk. Mashudu yana maji asilimia 10 hivi, kwa hiyo kilo moja ya chakula kikavu itakugharimu shilingi 40. Tofauti imepungua sana.

Sasa ingiza protini. Maganda ya embe yana protini asilimia 5 hivi ya ukavu wake, mashudu ya nazi asilimia 20 hadi 22. Kilo moja ya protini kutoka kwenye maganda itakufika karibu shilingi 500, kutoka kwenye mashudu karibu 190. Bei hizo ni za mfano, weka za kwako, ila njia ya hesabu ni hiyohiyo. Inakuonyesha kwamba maganda ununue kwa ajili ya nguvu na utamu, na mashudu kwa ajili ya maziwa na nyama. Anayelipia nauli kutoka mbali kubeba kitu chenye maji robo tatu anamsaidia mwenye gari zaidi ya ng'ombe wake.

Kwa jicho la haraka, vikavu vya kununua hata kutoka mbali ni pumba, mashudu na mabua. Vibichi vya kuchukua jirani tu na kushughulikia siku hiyohiyo ni chicha, maganda ya matunda, mabibo, maganda ya mihogo na vigogo vya migomba.

Nazi: chicha na mashudu

Chicha na mashudu watu huvichanganya, na kwa mfugaji ni vitu viwili tofauti. Chicha ni nazi iliyokunwa na kukamuliwa tui. Ina maji mengi, mafuta bado yamo, na protini yake ni ndogo. Mashudu ni kile kinachobaki baada ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa, kukamuliwa mafuta kwa mashine. Ni makavu, na protini yake ni karibu mara tatu ya ile ya chicha.

Chicha mbichi mpe mnyama ndani ya saa chache. Ng'ombe mmoja kilo 1 hadi 2 kwa siku, mbuzi gramu 200, kuku kiasi wanachomaliza kabla jua halijawa kali. Kinachobaki kwenye chombo toa na uoshe chombo. Kama zimekuwa nyingi, kausha. Zikamue tena kwa kitambaa kizito ili maji yatoke, tandaza kwenye turubai au jamvi safi unene wa kidole kimoja, zigeuze kila baada ya saa moja. Kwa jua la kaskazi siku mbili zinatosha. Ukizisugua kwenye kiganja ziwe zinatiririka kama mchanga mkavu bila kushikana, na zikiacha mafuta kidogo kwenye ngozi si neno. Wakati wa masika jua halitoshi, na chicha zilizokauka nusu ni mbaya kuliko mbichi kwa sababu ndipo ukungu hushika. Hapo zikaange kwenye sufuria kubwa kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka ziwe na rangi ya udongo hafifu. Kuni utakazotumia ziwe vifuu vya nazi hizohizo.

Chicha kavu nazo hazikai muda mrefu, kwani mafuta yake huoza yakapata ule ukali unaowasha koo. Wiki mbili, tatu, zimalize.

Mashudu ndiyo mali yenyewe. Unapokwenda kununua usiridhike na gunia la juu lililofunguliwa kwa ajili ya wateja. Chagua mwenyewe gunia la chini, litobolewe, chukua kipande. Kinuse: harufu iwe ya nazi iliyokaangwa. Ikiwa ya sabuni au ya mafuta ya zamani, acha. Kitazame: kahawia hafifu ni kizuri, cheusi kimeungua kwenye mashine na protini yake haimfai mnyama sana. Kisha kivunje. Ukungu wa mashudu hujificha katikati, hasa kwenye vipande vinene vilivyopakiwa vikiwa na joto. Ukiona vumbi la kijani, njano au jeusi ndani, rudisha gunia zima, usiseme utachambua.

Hilo nalisisitiza kwa sababu ya sumukuvu. Ukungu wa Aspergillus flavus hupenda mbata isiyokauka vizuri. Mbata inapaswa kushuka hadi unyevu wa asilimia 6 hivi, na mvua moja ya ghafla juu ya kichanja hurudisha kazi yote nyuma. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 huko Ukambani, kati ya wagonjwa 317 waliohesabiwa. Ng'ombe anayekula chakula chenye sumu hiyo huitoa kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Basi anayemlisha ng'ombe mashudu ya ukungu kwa kuona ni mnyama tu, ajue kikombe cha mtoto kiko mwisho wa mstari huo.

Kiasi: ng'ombe wa maziwa kilo 1 hadi 3 kwa siku kulingana na anavyokamuliwa, igawanywe asubuhi na jioni. Mbuzi anayenyonyesha gramu 150 hadi 250. Kuku yasizidi asilimia 10 hadi 15 ya mchanganyiko wao, kwa sababu yana nyuzi nyingi na yanapungukiwa na lisini, kijenzi cha protini ambacho kuku hawezi kujitengenezea. Ukiwapa kuku mashudu ya nazi, weka na dagaa. Mashudu hunyonya maji mengi na kuvimba, kwa hiyo yalowanishe kidogo kabla ya kumpa ng'ombe. Yanakuwa matamu zaidi na hayampalii kwa vumbi. Lowanisha ya mlo mmoja tu.

Maembe na mabibo

Onyo la kwanza ni kokwa. Ng'ombe hupenda embe zima, hulimeza bila kutafuna, na likikwama kooni hawezi kucheua hewa, tumbo linafura na anaweza kufa kabla daktari wa mifugo hajafika kutoka mjini. Maembe yakatwe, kokwa zitolewe. Mnyama anayelishwa huru kwenye shamba la miembe msimu wa kuanguka ni wa kuangaliwa.

La pili ni sukari. Maganda na maembe mabovu hupanda asidi tumboni haraka. Anza na kilo 2 kwa ng'ombe kwa siku, panda taratibu kwa siku saba hadi kumi, na usipite kilo 8 mabichi. Daima awe amekula nyasi kavu au mabua kwanza. Mabibo nayo yana ukakasi unaopunguza hamu na kuzuia protini isitumike vizuri, kwa hiyo yawe sehemu ndogo ya mlo.

Njia bora ya kuyashika haya ni sileji, yaani kuyachachusha bila hewa. Usiogope neno, ni kazi ya pipa na miguu.

Utahitaji pipa la plastiki la lita 200 lenye mfuniko, au mfuko mzito wa nailoni wa kuhifadhia sileji, panga, na mabua makavu au pumba za kunyonya maji. Hapo ndipo wengi hukosea: wanafungia maganda matupu, maji yanajaa chini, na baada ya mwezi wanafungua kitu kinachonuka choo. Lazima unyevu ushuke mpaka karibu asilimia 65. Kwa maganda ya maembe, kila kilo 100 changanya na kilo 28 hivi za mabua makavu yaliyokatwakatwa. Kwa mabibo, ambayo ni maji kwa asilimia 85, kila kilo 100 zinataka kilo 38. Mabua yakatwe vipande vya urefu wa kidole gumba au vifupi zaidi. Vipande virefu huacha hewa katikati.

Usipokuwa na mizani, tumia kiganja. Chukua konzi, kamua kwa nguvu, kisha fungua mkono polepole. Maji yakidondoka kati ya vidole, ongeza mabua. Konzi likisambaratika papo hapo, ongeza maganda. Likibaki tonge linaloachia taratibu na kiganja kikiwa na unyevu tu, funga.

Jaza tabaka la urefu wa shubiri moja, likanyage mpaka kisigino kisizame tena, kisha tabaka jingine. Mtu mzito ana faida siku hiyo. Pipa moja lililokanyagwa vizuri hubeba kama kilo 120. Ukifika juu, weka nailoni, mimina mchanga wa kilo kadhaa juu yake, funga mfuniko. Weka kivulini. Pwani tuna joto la kutosha, wiki tatu hadi nne inatosha kuchachuka.

Ukifungua, harufu iwe kama ya achali: chachu, tamu kidogo. Tabaka la juu likiwa na ukungu, litoe na ulitupe. Harufu ya kuoza ikiwa mpaka ndani, kila kitu kiende kwenye mbolea. Baada ya kufungua chota kila siku, unene wa kiganja au zaidi kutoka uso wote, kisha rudisha nailoni. Pipa lililofunguliwa na kuachwa siku tatu huharibika hata kama lilikuwa zuri.

Mihogo

Maganda ya mihogo yana sianidi, sumu yake ya asili, nyingi kuliko nyama yake, na mihogo michungu inayo zaidi. Mbuzi aliyeingia kwenye rundo la maganda mabichi anaweza kuanguka kabla ya magharibi. Dawa ni kukata na kuanika. Osha mchanga, katakata, anika juani siku mbili hadi tatu mpaka ganda likivunjwa lilie. Sumu hutoka kadiri yanavyonyauka na kukauka. Unaweza pia kuyachachusha kwa pipa kama maembe, wiki tatu.

Ganda kavu la muhogo ni wanga, protini ni kama asilimia 5 tu. Ng'ombe mpe kilo 2 hadi 3 pamoja na mashudu. Peke yake humnenepesha tumbo na kumkausha kiwele.

Mabua

Mabua ya mahindi yana protini kama asilimia 4, chini ya kile ambacho vijidudu vya tumbo la ng'ombe vinahitaji ili vifanye kazi. Ndiyo maana ng'ombe anayekula mabua matupu huwa na tumbo kubwa na mwili mdogo. Ukiwa na majani ya kunde, changanya na umalize habari: kunde kavu zilizovunwa kabla majani hayajapukutika ni chakula kizuri sana, na sioni kwa nini zinaachwa shambani.

Bila kunde, tumia yurea, ileile ya mbolea yenye naitrojeni asilimia 46. Kwa kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwa, yeyusha kilo 4 za yurea kwenye lita 60 za maji. Tandaza mabua kwenye nailoni tabaka kwa tabaka, nyunyiza kwa kopo la kumwagilia bustani ili yalowe sawasawa, kanyaga, funika kwa nailoni na uzibe pembe kwa mchanga. Baada ya wiki tatu fungua. Harufu itakupiga puani na machozi yatatoka, ni amonia. Toa ya siku moja tu, uianike hewani usiku kucha, ndipo ulishe. Protini itakuwa imekaribia maradufu na mabua yatakuwa yamelainika.

Masharti yake hayana mzaha. Pima kwa mizani, usikisie. Yurea isiyoyeyuka vizuri, au ndoo ya maji ya yurea iliyoachwa mahali ng'ombe anapoweza kunywa, huua ndani ya saa chache: anatetemeka, anatoka mate, tumbo linafura, anaanguka. Wengine hummiminia siki lita 2 hadi 4 na maji baridi mengi huku wakimsubiri daktari wa mifugo, na ni huduma ya kwanza inayokubalika. Ndama wa chini ya miezi 6 asiguse mabua haya, na wala si chakula cha kuku au punda.

Pumba, pamba, simsim, samaki

Haya kwa ufupi. Pumba za mahindi zina protini asilimia 10 hivi na ni nzuri, ila uliza zilikaa kinuni siku ngapi. Pumba za mpunga zina mafuta mengi na huoza haraka, nunua za kutumia wiki mbili tu. Tena angalia usiuziwe makapi, yaani maganda ya nje ya mpunga yaliyosagwa, ambayo hayana chakula kabisa. Weka kwenye maji: pumba nzuri huzama, makapi huelea.

Mashudu ya pamba yana protini nyingi kuliko ya nazi, lakini yana gosipoli, sumu ambayo ng'ombe mkubwa huivumilia na ndama na kuku hawaivumilii. Ng'ombe wa maziwa yasizidi kilo 2. Ya simsim ni bora zaidi kwa kuku ukiyapata, protini yake hufika asilimia 40.

Vichwa na matumbo ya samaki: chemsha, anika, saga, wape kuku kidogo, na uache kabisa wiki mbili kabla ya kuchinja. Yai linalonuka samaki halirudi kwa mteja mara ya pili.

Kuchanganya

Hesabu ya kuchanganya vitu viwili ni rahisi kuliko inavyoonekana. Una pumba zenye protini asilimia 10 na mashudu ya nazi yenye 20, unataka mchanganyiko wa 16 kwa ng'ombe anayekamuliwa. Toa 16 kwenye 20, unapata 4: hizo ni sehemu za pumba. Toa 10 kwenye 16, unapata 6: hizo ni sehemu za mashudu. Yaani kilo 40 za pumba kwa kilo 60 za mashudu. Ongeza kilo 2 za madini ya ng'ombe kutoka dukani na kilo 1 ya chumvi. Chumvi ya Gongoni yafaa, lakini chumvi peke yake haina kalsiamu wala fosforasi, usiifanye badala ya madini.

Ng'ombe chotara wa Jersey mwenye kilo 330 hivi hula ukavu wa karibu asilimia 3 ya uzito wake, kilo 10 kwa siku. Mlo wake wa kiangazi anayetoa lita 7 waweza kuwa hivi: matete mabichi kilo 25, mabua yaliyotiwa yurea kilo 3, mchanganyiko huo wa pumba na mashudu kilo 3, na maji lita 50 au zaidi yaliyo kivulini. Matete yakikwisha, punguza ulichokuwa nacho polepole na uingize sileji ya maembe polepole. Kila mabadiliko ya chakula yachukue wiki nzima au zaidi. Vijidudu vya tumboni vinahitaji muda wa kuzoea, na mlo uliobadilishwa ghafla ndio chanzo cha kuhara, kinyesi cha rangi ya kijivu chenye povu, na mnyama kukataa chakula. Ukiona hivyo, ondoa vitamu vyote, mpe nyasi kavu tupu, na mwite daktari wa mifugo asiposimama vizuri siku hiyo.

Pima maziwa kwa kopo lilelile kila siku na uandike. Ukibadilisha kitu kimoja, subiri siku kumi kabla ya kubadilisha kingine, la sivyo hutajua kilichopandisha au kilichoshusha. Maofisa wa mifugo wa kaunti na watafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Mtwapa wanaweza kukusaidia zaidi ukiwapelekea daftari badala ya maelezo ya mdomo.

Ghala

Sakafu ya saruji pwani hutoa jasho. Magunia yawe juu ya mbao au vigogo, shubiri moja kutoka chini na shubiri moja kutoka ukutani, hewa ipite. Usitie chochote chenye joto gunia la nailoni na kukifunga. Andika tarehe kwa kalamu nzito, cha zamani kitoke kwanza. Paka mmoja anatosha kwa panya, ila asiwe anajisaidia kwenye pumba.

Punda wa Lamu

Amu, yaani mji wa Lamu, hakuna magari mengi, punda ndiye anayebeba mchanga, mawe na mizigo ya bandarini, na wenye punda wengi humwacha ajitafutie jalalani. Tumbo la punda si la ng'ombe. Chakula chenye ukungu kidogo ambacho ng'ombe angekivumilia humpa punda msokoto wa tumbo, na hatapiki. Mpe nyasi kavu safi, majani ya kunde makavu, pumba kidogo zilizolowanishwa, na maganda machache ya matunda. Mashudu ya nazi kwa kiasi kidogo ni sawa kwa anayefanya kazi nzito, ila yalowe kabisa kwanza ili yasivimbe kooni. Sileji iliyoharibika asiionje. Akianza kujigaragaza, kutazama ubavu wake na kutoa jasho, asibebeshwe. Kliniki ya punda imekuwepo Lamu tangu 1987, apelekwe.

Jalala lenyewe ni hatari kwa mnyama yeyote. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini nailoni za vifungashio na kamba bado zimejaa, na zikiingia tumboni hazitoki. Mabaki ya jikoni ya hoteli yachambuliwe mpishini kabla hayajachanganywa: maganda ya mboga na matunda ndoo yake, mkate mkavu ndoo yake. Nyama, mifupa na mchuzi visifike kwa ng'ombe au mbuzi hata kidogo.

Kuna vitu vya kukataa hata ukilipwa uvichukue. Maganda ya korosho yana mafuta yanayochoma ngozi, seuze utumbo. Mashudu ya mbono na ya mbono kaburi yana sumu kali, na kwa macho yanaweza kufanana na mashudu mengine, kwa hiyo usinunue mashudu ambayo muuzaji hasemi ni ya mbegu gani. Mbegu zilizopakwa dawa ya kuhifadhia, za rangi nyekundu au kijani, si za mnyama. Na gunia lililowahi kubeba dawa za shamba lisitumike kubebea pumba, hata liwe limeoshwa mara ngapi.